Madarasa Mawili ya Kashebere

Mama Asifiwe alizikwa Alhamisi, nami nikapata habari Jumamosi, kwa sababu mtandao wa simu wa kule una tabia zake. Aliyenipigia ni Neema, ambaye nilimjua akiwa na miaka mitano na sasa ni muuguzi na mama wa watoto watatu. Alinieleza kwa ufupi: Mama aliugua wiki mbili, akaacha kula, akaenda. Nilikuwa Sake, kwenye semina ya walimu wa shule za chekechea, zile ambazo kwetu tunaziita maternele, na kabla simu haijaita nilikuwa nimechora mstari katikati ya ubao: kushoto mbinu ya kwanza, kulia mbinu ya pili, na chini yake ubora na upungufu wa kila moja. Hiyo ndiyo kazi yangu, nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, na watu husema ninaijua. Nilirudi ndani nikamaliza somo, nikajibu maswali, nikawaombea walimu safari njema. Nililia baadaye nikiosha vyombo, na nililia sana, kwa sababu yote ninayojua kuhusu kupima watoto nilifundishwa na huyo mama katika mwaka mmoja, na somo lenyewe nililipata kwa kumkosea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, diploma ya ualimu mkononi na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Nilitumwa Kashebere, kule ambako Masisi inaishia na Walikale inaanza, mahali ambapo malori yanayokwenda au kutoka msituni husimama ili madereva wale. Shule ilikuwa ya mbao na mabati. Maternele ilikuwa na vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao zilizoachana, kiasi kwamba ukitaka ungeweza kupitisha kidole upande wa pili, na watoto walitaka. Mvua ikinyesha hakuna aliyesikia neno. Walimu wote wawili walisimama na kungoja, kila mmoja na watoto wake, mpaka mabati yanyamaze. Mimi sikupewa darasa. Mkuu wa shule, ambaye wote tulimwita Direkta, aliniweka kwenye meza ndogo, siku chumba hiki, siku chumba kile, niangalie na kuandika. Aliniambia sababu siku ya kwanza kabisa, bila kuzungukazunguka: mwaka utakaofuata chumba kimoja kingechukuliwa na darasa la kwanza la shule ya msingi, lililokuwa limefurika. Darasa moja la maternele lingebaki, jingine lingefungwa. Watoto wa darasa litakalofungwa ambao hawangefaulu kipimo cha mwisho wa mwaka wangekaa nyumbani mwaka mzima, na mwalimu wao angekaa nyumbani pamoja nao.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha Madamu Kavira, mke wa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, mwenye duka na lori moja. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa wafanyabiashara na madereva. Ukutani alibandika ratiba, na ratiba ilifuatwa. Saa mbili sala, saa mbili na robo nyimbo za Kifaransa, kisha mistari kwenye vibao vya mawe: mistari iliyosimama, mistari iliyolala, duara. Mtoto aliyetaka kwenda nje aliomba kwa Kifaransa au alijizuia. Nilidhani nitamwona mkali, lakini hakuwa mkali. Alikuwa na mpango. Alijua kwamba mwalimu wa darasa la kwanza la msingi huanza Kifaransa siku ya kwanza bila huruma, na watoto wake hawakuwahi kumfikia mwalimu huyo wakitetemeka. Walishika chaki vizuri, walikaa, walijibu walipoulizwa. Kasoro yake niliiona kwenye uwanja: mtoto wake akikuta jambo ambalo halikufundishwa, kwa mfano konokono au tairi lililopasuka, alinitazama mimi kwanza ili nimwambie ni nini.

Chumba cha pili kilikuwa cha Mama Asifiwe, mwanamke wa Walikale, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watoto wamsogelee ili wamsikie. Watoto wake walitoka kwenye nyumba za wakulima wa msituni, na baba zao wengi walikuwa kwenye machimbo ya Omate wakichimba dhahabu. Hakubandika ratiba, na mimi wiki ya kwanza niliandika kwa kalamu nyekundu kwamba hakuna mpango. Wiki ya tatu nilianza kuuona. Watoto walipanga maharagwe kwa rangi, walipima maji kwa vikombe na vibuyu wakabishana ni kipi kinabeba zaidi, waliandika kwenye mchanga kwa kidole kabla ya kugusa chaki, walisikiliza hadithi kwa Kinyanga, lugha ya kwao, na kuisimulia upya kwa Kiswahili wakisahihishana. Walipiga kelele, ni kweli. Walisema wote kwa pamoja. Mpaka Pasaka nusu yao walishika chaki kama wanaoshika mwiko, na Kifaransa chao kilikuwa salamu tu. Jambo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la asubuhi. Kila mtoto alikuwa na jiwe lake dogo alilolichagua mtoni, na mawe yalilala juu ya ubao karibu na mlango. Ukiingia unachukua jiwe lako unalitia ndani ya kikapu. Wakishaingia wote, watoto walitazama mawe yaliyobaki kwenye ubao, wakasema ni ya nani, na kuamua ni nani apite nyumbani kwake kuuliza. Hakuna aliyeita majina. Niliandika habari hiyo kwenye daftari langu mwenyewe, ukurasa mzima, kwa sababu kwenye karatasi rasmi hapakuwa na mahali pa kuiweka.

Siku hizi wakufunzi wanakuja na kompyuta zao wakitufundisha kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza na kwa kushika vitu, na wanalisema jambo hili kana kwamba limeteremka kwenye ndege pamoja nao. Nawasikiliza kwa adabu. Lakini pia nawaonya walimu vijana wasimcheke Madamu Kavira wa shule yao, maana kila shule inaye. Mtoto aliyecheza vizuri miaka mitatu kisha akaingizwa darasa asiloelewa lugha yake atalia vilevile. Nimeona mbinu zikibadilishwa majina mara tano, na kila mara swali linabaki lilelile: mtoto huyu anajua nini, na wewe umejuaje kwamba anajua. Sehemu ya pili ya swali ndiyo iliyonishinda mwaka ule.

Inabidi niseme nilikokuwa ninakula. Nililala chumba cha nyuma cha duka la Madamu Kavira, kati ya magunia ya chumvi na makatoni ya sabuni, na nilikula mezani kwake. Chai yenye maziwa asubuhi, mchana wali na maharagwe, Jumapili samaki au kipande cha jibini la Masisi ambacho mumewe alikileta kwenye lori. Hakunidai chochote, na hakuniomba chochote. Aliniita “Furaha, mtoto wangu”, na nilipopata homa alinipikia uji akaupuliza upoe. Nasema haya kwa sababu mtu anaweza kununuliwa bila mwenye kumnunua kuwa na nia hiyo. Kwa Mama Asifiwe nilipita mara mojamoja. Nilipewa ndizi ya kuchoma na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, iliyotiwa mawese, tamu kuliko vyote nilivyokula dukani, lakini jikoni kwake palikuwa na moshi, na mimi nilikuwa nimeanza kupenda meza yenye kitambaa.

Mwezi wa sita karatasi za kipimo zilifika kutoka Goma. Tuliziita fishi. Kila mtoto alikuwa na mstari wake, na kila uwezo ulikuwa na kisanduku chake: ashike chaki, ataje rangi, afuate agizo. Kisanduku cha uzito mkubwa kilikuwa cha kuhesabu: mtoto ahesabu wenzake kumi kwa sauti, akimgusa kila mmoja kichwani. Asiyepata alama hapo hakufaulu, hata akifanya vizuri kwingine kote. Chumba cha Madamu Kavira kilimaliza kabla ya mapumziko. Watoto walipita mmoja mmoja wakigonga vichwa vya wenzao, wakihesabu kwa Kifaransa, wengine wakiruka namba saba, lakini walihesabu. Kisha nikaingia kwa Mama Asifiwe. Alikuwa na watoto ishirini, na siku hiyo walikuwapo kumi na tisa. Nilitoa mfano kwanza, kama fishi ilivyoagiza, kisha nikamwita Neema, ambaye nilijua ndiye mwepesi kuliko wote. Alisimama mbele, akawatazama wenzake, akaweka mikono nyuma. Nikarudia. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni:

“Mwalimu, tuko bote. Kito tu njo hayuko, iko na homa.”

Nilimwambia ahesabu. Alirudi kukaa. Nikamwita wa pili, mikono nyuma. Wa tatu alianza kulia, na waliofuata wote waliweka mikono nyuma. Mama Asifiwe alikuwa amesimama karibu na mlango, kwa sababu mwalimu hakuruhusiwa kusema wakati wa kipimo. Niliandika sifuri kumi na tisa, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko mzuri.

Nieleze kosa langu kwa uwazi. Kwa watu wa kule, binadamu hahesabiwi kwa kidole wala kwa kuguswa. Anayehesabu watoto namna hiyo anawatia hatarini. Mmoja wao anaweza kukosekana kesho. Mbuzi wanahesabiwa, mikungu ya ndizi inahesabiwa. Watu wanajulikana. Mama wa kule ukimuuliza ana watoto wangapi atakutajia majina. Na mimi sikuwa mgeni wa jambo hili. Nyanya yangu mzaa mama, kule Masisi, alikuwa akinipiga mkono nikijaribu kutuhesabu tukiwa tumezunguka sahani. Nilijua. Nilijua pale pale, Neema alipoweka mikono nyuma, kwamba amehesabu ishirini, akatoa mmoja, akanipa jibu kubwa kuliko swali nililomwuliza. Lakini fishi ilikuwa na kisanduku, kisanduku kilitaka namba, na niliogopa Direkta aniulize kwa nini nimejaza kitu ambacho hakikufanyika. Nilijiambia pia kwamba usawa ni kuwapima wote kwa kipimo kimoja. Neno hilo usawa lilinipa usingizi siku mbili.

Siku ya tatu nilisikia jambo ambalo sikupaswa kulisikia. Nilikuwa chumbani nikikunja nguo, na dukani, upande wa pili wa ukuta wa mbao, Madamu Kavira na mumewe walikuwa wanapanga bidhaa. Mumewe, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya wazazi, alikuwa ameshaona matokeo kwa Direkta. Alisema kwa furaha kwamba darasa la msitu limekwisha, sifuri kumi na tisa. Nilingoja nimsikie mkewe akifurahi.

“Batoto bale hawako bajinga,” Madamu Kavira alisema. “Minabasikiaga ku ukuta kila asubui. Banajua kuhesabu kupita bangu.”

Mumewe akamuuliza kwa hiyo anataka nini, apoteze chumba? Mkewe akasema kwamba chumba ni kimoja, yeye hakuandika zile sifuri, na aliyeziandika anajua kusoma. Nilikaa juu ya gunia la chumvi. Niliona aibu, kwa sababu mtu ambaye angefaidika na kosa langu ndiye aliyelitaja, na mimi niliyelifanya nilikuwa nakunja nguo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Mama Asifiwe. Alikuwa jikoni akitwanga majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga nilipoingia. Alinionyesha kiti kwa kidevu. Alikuwa ameshasikia matokeo, kama kijiji kizima. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi kuhusu fishi, kuhusu Goma, kuhusu sheria za kipimo, na njiani niliyarudia mara tatu. Nilipofungua mdomo yalitoka mengine.

“Mama, nilijuaga. Hata kwetu nyanya alikatazaga kuhesabu bantu. Nilijua na niliandika.”

Akaweka mchi kando. Hakukasirika, jambo lililonikosesha raha zaidi.

“Minajua kama ulijua,” alisema. “Siku ile ulibaonyesha mufano, ulihesabu bamesa. Mesa moja, mesa mbili, mpaka kumi. Mutoto hata moja hukumugusa.”

Nilimwambia haiwezekani. Akanyoosha mkono akaniigiza. Ndipo nikauona mkono wangu, ukipita juu ya vichwa vya watoto bila kuvigusa, ukatua kwenye mbao za meza. Nilikuwa nimefanya hivyo bila kujua. Mkono ulikuwa umemtii nyanya huku kalamu ikimtii mtu mwingine.

“Sasa wewe,” Mama Asifiwe akaniuliza, “nani alikupa sifuri?”

Aliuliza kama anavyouliza watoto wake, akitaka jibu kweli. Akanipakulia ndizi na sombe, tukala, akanieleza habari za Kito kwamba homa imeshuka. Hakuniomba niende kwa Direkta. Mpaka leo sijui kama alikuwa na hakika nitakwenda au alikuwa ameshakata tamaa, na hilo ndilo nililotaka siku moja kumwuliza, nikaahirisha mpaka Alhamisi ile.

Kikao cha wazazi kilikuwa Jumapili baada ya misa, ndani ya chumba cha Madamu Kavira, watu wazima wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti karibu na masikio. Wenye maduka walikaa mbele. Wanawake wa msituni walisimama nyuma pamoja na Mama Asifiwe. Direkta alisema mambo ya kawaida kisha akanipa fishi nisome, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu. Asubuhi ile nilikuwa nimemwomba niikague mara ya mwisho, akanipa bila wasiwasi. Nilisoma darasa la Madamu Kavira. Nikasoma la Mama Asifiwe, jina baada ya jina, sifuri baada ya sifuri, na nyuma nilisikia wanawake wakiguna. Mstari wa Kito ulikuwa mtupu, kwani hakupimwa. Chini yake nilikuwa nimeandika jina jingine, nikalisoma kwa sauti ileile.

“Furaha. Kuhesabu wenzake kwa kuwagusa: sifuri.”

Watu wa mbele walicheka, wakidhani ni mzaha. Direkta aliichukua karatasi, akaitazama, akaniuliza mambo gani hayo. Nilimweleza. Nilimwambia kwamba mimi pia nilishindwa kipimo kile, mbele ya darasa zima, kwa sababu ileile, na kwamba ikiwa watoto wale hawajui kuhesabu basi na diploma yangu irudishwe. Kifaransa changu kilikimbia, nikamalizia kwa Kiswahili cha nyumbani. Direkta alisema kipimo ni kipimo. Mume wa Madamu Kavira alisema ameona walimu wengi lakini hajaona mwalimu wa namna hii. Hapo Madamu Kavira akasimama, akajipangusa gauni, akasema bila kumtazama mumewe:

“Kesho tubapime tena. Tubapatie maharagi bahesabu. Kama banashindwa, banashindwa.”

Jumatatu walihesabu maharagwe. Kito naye alikuja, amefungwa shuka shingoni. Kumi na nane walifaulu, wawili hawakufaulu, na hao wawili kweli walikuwa bado. Mama Asifiwe mwenyewe alikubali. Siwezi kusema kwamba kila kitu kilitengenezeka. Chumba kilichukuliwa hata hivyo, kwani darasa la kwanza lilikuwa limefurika kweli, na wazazi wa mbele walitaka Kifaransa na ratiba. Darasa lililobaki likawa la Madamu Kavira, na Mama Asifiwe akawekwa kuwa msaidizi wake, cheo kidogo kuliko alichostahili. Alikubali kwa ajili ya wale wawili, ili waingie pamoja naye wasikae nyumbani. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja waligombana kuhusu chaki na kuhusu kelele, na nasikia hakuna maternele iliyotoa watoto wazuri kama ile. Sikuwapo kuyaona. Direkta hakutaka nirudi mwaka uliofuata, na sikumlaumu.

Kabla sijaondoka aliniita ofisini niwe shahidi wa masahihisho. Alichukua kalamu nyekundu, akakata zile sifuri kumi na tisa moja moja, akaandika alama mpya pembeni, hata kwa wale wawili aliandika walichopata, kisha akagonga mhuri wa shule chini kabisa, juu ya jina langu. Mimi hakuna aliyefikiria kunipima tena. Sifuri yangu ilibaki vilevile, na sikuomba ifutwe.